Eti pizza ya nyumbani ni chakula cha watoto? Inategemea umemwaga nini juu

Kila nikipata oda ya pizza za bethidei ya mtoto, mama mtu lazima aniulize swali lilelile, "dada hii si imepikwa nyumbani, kwa hiyo kwa watoto haina neno eh?" na mi kila siku najibu inategemea, na kila siku jibu langu halipendwi, maana mtu anataka aambiwe ndiyo aende zake na amani. Leo umeme umekatika, oveni imelala, acha niyaandike yote niyamalize, nikiulizwa tena natuma linki tu.

Kwa mgeni wa hapa: niko Tanga mjini, pande za Makorora, napika nyumbani kwa oda. Vileja, visheti, mkate wa kumimina, sambusa za Ramadhani ndo roho ya biashara, pizza imeingia juzijuzi tu kwa sababu watoto wameiona kwenye tivii na kwenye simu za mama zao na sasa huwaambii kitu. Kwa hiyo jueni kabisa anayeongea hapa anauza pizza, sina sababu ya kuiponda. Ila nina wangu wawili pia ndani, mkubwa darasa la tatu, mdogo yuko chekechea, na hao siwauzii, nawalisha.

Sasa kwenye hili jambo kuna kambi mbili. Kambi ya kwanza ni ya wazee wetu. Kuna bibi mmoja jirani yangu, mtu wa Pangani, jioni akipita lazima achungulie nachopika, na siku ya kwanza kuiona pizza alisimama mlangoni akaikodolea macho kama polisi.

"Shikamoo bibi, karibu."

"Marahaba. Hiki nini tena mwanangu?"

"Pizza, bibi."

"Mi naona mkate umepakwa mchuzi."

"Ndo yenyewe hiyo."

"Na kitoweo kiko wapi?"

Nikamwonyesha kuku niliyemchambua nikamtandaza juu ya chizi. Akainama, akaangalia vizuri, akasema, "Haya, kitoweo nimekiona. Wali wake je?"

Nilicheka sana lakini ukikaa ukafikiri, lile swali la kitoweo kiko wapi ni swali zuri kuliko maswali yote ninayoulizwa na wateja wangu wenye vyeti. Bibi hakuuliza imepikwa wapi, kauliza ndani mna nini.

Kambi ya pili ni sisi akina mama wa sasa, ambao tukishasema "nimepika mwenyewe" basi mjadala umefungwa. Jamani, kupika mwenyewe si dawa. Chipsi ukikaanga nyumbani kwako ni chipsi, tena wengine mafuta yenyewe ni ya juzi. Nimeshapewa oda, mtu ananiletea vitu vyake mwenyewe nimpikie, ndani ya mfuko mna soseji paketi mbili, salami, chizi ya kutosha kuezeka banda, chupa ya tomato sosi, mayonezi, halafu ananiambia "nataka ya nyumbani kwa sababu za dukani hazina afya". Sasa mama yangu, hiyo uliyoniletea ina tofauti gani na ya dukani zaidi ya kwamba sufuria ni yangu?

Haya tuifungue pizza tuiangalie kipande kwa kipande.

Chini kuna unga wa ngano. Unga wa ngano ni unga wa ngano, mtoto anayekula chapati kila Jumapili ameshaula maisha yake yote na hakuna aliyeitisha kikao. Tena unga wa viwandani hapa Tanzania, tangu zile kanuni za 2011, unatakiwa uongezwe madini chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12, kwa hiyo si takataka kama wengine wanavyousema. Tatizo la unga mweupe ni nyuzinyuzi, gramu 100 zina nyuzinyuzi gramu kama 3 tu hivi wakati atta, ule usiokobolewa, zinafika 10 na zaidi. Mi nachanganya, theluthi moja atta na mbili nyeupe. Nusu kwa nusu inakuwa nzito watoto wanaanza kutafuna kama wanatafuna kamba, na atta tupu hata mimi siipendi, tusidanganyane. Ukiweka atta ongeza maji kidogo maana inakunywa.

Juu ya unga kuna nyanya. Hapa ndo pizza inaposhinda vyakula vingi, maana nyanya iliyopikwa na mafuta kidogo ile laikopini yake, ndo hiyo rangi nyekundu, mwili unaichukua vizuri kuliko kwenye nyanya mbichi. Lakini nimesema nyanya, sijasema tomato sosi. Tomato sosi ya chupa nyingi zake katika kila gramu 100 zina sukari gramu 20 na zaidi, na chumvi karibu gramu 2, geuza chupa usome mwenyewe nyuma. Nyanya masalo zikishuka bei pale soko la Mgandini mi nachukua nyingi, nachemsha namenya, napika na kitunguu, thomu nyingi na karoti iliyokwaruzwa, mpaka maji yote yaishe, ibaki nzito ya kupaka na mgongo wa kijiko. Karoti ndo inatoa utamu, sukari ya nini. Halafu nachuma majani ya mrehani kwenye kopo la barazani, yaleyale tunayochanganya na asumini kwenye kikuba, nayachanachana ndani. Watu wa Naples, huko Italia, ndo wanavyofanya na mrehani wao, sisi tumezoea kujifukizia na kuvaa tu harusini, lakini kwenye nyanya jamani harufu yake usiombe.

Kisha chizi. Wazee wanaiona kama uchafu wa wazungu lakini chizi ni maziwa, na mkoa wetu huu huwezi kuufundisha maziwa. Tanga Fresh inajulikana nchi nzima, na ukipanda Lushoto pale Irente wanatengeneza jibini miaka na miaka. Gramu 50 za mozzarella, ile chizi ya pizza, zina kalsiamu karibu miligramu 250, na glasi kubwa ya maziwa ina kama 300, kwa hiyo mtoto asiyependa maziwa, na wapo, mwanangu mdogo ni mmoja wao akiona utando juu ya kikombe analia, huyo unampitishia hapo. Protini nayo ipo, gramu 10 na ushee kwenye hizo 50. Upande wa pili chizi ina mafuta mazito na ina chumvi, kwa hiyo si ya kumwaga. Na kusema kweli bei yake yenyewe inakufunza adabu.

Halafu ndo kitoweo na mboga, nitarudi huko maana ndo penye kesi.

Kwa hiyo mgala muue na haki yake mpe. Kliniki wanatuambia kila siku tuchanganye, nafaka, vitu vya mnyama au kunde, mboga, matunda, mafuta kidogo. Pizza iliyotengenezwa vizuri ina nafaka, ina maziwa, ina nyanya na mboga, ina samaki au kuku, kilichokosekana ni tunda tu na tunda unaliweka pembeni. Linganisha sasa na kile watoto wetu wanachokula kweli, si kile tunachosema wanakula. Asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili. Mchana wametoka shule, barafu ya rangi, ubuyu wa rangi ulimi mwekundu mpaka kesho, mihogo ya kukaanga na pilipili, chipsi kavu. Hiyo hakuna anayeuliza ina afya au haina, ila ikija pizza ndo tunakuwa madaktari.

Na kwa wanaodhani pizza lazima iwe lile dude nene lenye nyama za aina nne, hilo ni la Marekani huko. Pizza ya Naples, ambako ufundi wake UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017, unga wake ni ngano, maji, chumvi na hamira basi, mafuta hamna, sukari hamna, juu nyanya, mozzarella, majani ya mrehani. Nyembamba, inaiva kwenye tanuri la kuni chini ya dakika mbili. Na hii wanayoiita pizza ya Zanzibar, ya pale Forodhani, ni kitu kingine kabisa, ile ni chapati iliyokunjwa ndani nyama ya kusaga na yai na kitunguu inakaangwa kwenye mafuta, tamu naipenda sana, ila haimo kwenye mjadala wa leo.

Sasa chumvi. Hapa naomba tuelewane maana ndo penyewe, kwenye pizza sukari na mafuta vinasemwa sana lakini chumvi inapita kimyakimya.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ndo kijiko cha chai kimoja hakijajaa vizuri, na mtoto awe chini ya hapo. Waingereza wao wameweka mpaka namba za umri, mtoto wa mwaka 1 hadi 3 gramu 2, wa miaka 4 hadi 6 gramu 3. Chukua hiyo gramu 3 uiweke kichwani, ya mtoto wa chekechea kama wangu, ya siku nzima, asubuhi mpaka anapolala.

Nusu kilo ya unga mi natoa pizza nne za ukubwa wa sahani ya kulia. Mapishi mengi yanakwambia kijiko cha chai cha chumvi, weka gramu 5, ukigawa kwa nne kila moja ina gramu moja na robo kabla hujapaka kitu. Weka chizi gramu 50, ile ya pizza, hapo robo tatu ya gramu imeingia. Kata soseji moja ya kawaida juu, gramu moja. Paka tomato sosi vijiko viwili vya chakula, nusu gramu na zaidi. Jumlisha, umeshapita gramu 3 na nusu kwenye pizza moja ndogo, mtoto akila nusu yake tu ameshamaliza zaidi ya nusu ya chumvi ya siku, na bado hajala maandazi wala mchuzi wa mchana wala zile krispi za mfuko. Na nani ameona mtoto akala nusu kwenye bethidei?

Sasa ileile pizza, punguza chumvi ya unga iwe nusu kijiko, paka nyanya uliyopika bila chumvi, chizi gramu 40, na badala ya soseji weka kuku uliyemchemsha na thomu, tangawizi na ndimu. Nzima inakuja kama gramu moja na kitu kidogo. Nusu yake mtoto anakula hata gramu moja haijafika. Jina lilelile pizza, jiko lilelile, mpishi yuleyule, umebadilisha mkono tu.

Wapishi wenzangu mtasema unga usio na chumvi hauna ladha. Kwenye mkate mtupu sawa, lakini hapa kuna chizi juu na nyanya ya thomu, mtoto hajui, nimewalisha na hakuna aliyesema. Kitu cha kuangalia ni kuumuka, chumvi huwa inaibana hamira isiende mbio, ukiipunguza unga unapanda haraka, na kwa joto la Tanga la Februari ukienda kuswali ukarudi unaukuta umemwagika nje ya bakuli. Weka hamira kidogo, na maji yawe ya kawaida tu, yasiwe ya vuguvugu.

Tukija kwenye soseji na salami na hizo nyama za paketi, si chumvi peke yake. Mwaka 2015 lile shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliziweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la vitu ambavyo ushahidi umethibitisha vinasababisha saratani kwa binadamu. Hiyo haina maana mtoto akila kipande cha soseji leo kesho anaumwa, kundi lile linasema ushahidi una nguvu kiasi gani, halisemi kitu kinadhuru kwa ukubwa gani. Lakini mtu anayeishi Tanga, bahari iko pale, kuku yuko uani, kung'ang'ania soseji ya paketi kwa nini? Kwa kweli huwa sielewi.

Mi kitoweo changu cha pizza ni jodari. Naenda Dipsii asubuhi boti zikiingia, nachukua kipande, nakichemsha na ndimu na pilipili manga nakichambua. Hana miba midogomidogo ya kunipa wasiwasi na mtoto, nyama yake imeshikana, na ukimpaka mafuta kidogo hakauki kwenye moto. Changu na tasi siwashauri, miba. Ng'onda usithubutu, yule chumvi yake peke yake inatosha kijiji. Kuku wa jana aliyebaki ni mzuri sana. Nyama ya kusaga nzuri pia ila ikaange kwanza mpaka iive kabisa umwage mafuta yake, wengine wanaiweka mbichi juu wakidhani itaiva na unga, haiivi, unga unawahi. Na kama siku hiyo hamna kitu, maharage yaliyoiva yakapondwa na kitunguu, cheka tu, ila tandaza safu nyembamba chini ya chizi uone kama itabaki.

Mboga sasa. Pilipili hoho za Lushoto, tamu, nyembamba, hazina kesi, na vitamini C yake inasaidia mwili kuchukua yale madini chuma ya kwenye unga na mchicha. Mchicha mi naukatakata mdogo kabisa, naugeuza kwenye kikaango na kitunguu, halafu naukamua kwa mkono mpaka maji ya kijani yaishe, usipokamua pizza inalowa katikati inakuwa uji. Unatandaza mchicha kwanza, chizi juu yake, chizi ikiyeyuka inaushika, mtoto akitaka kuuchambua lazima achambue na chizi na hapo roho inamuuma. Kuna watu wanashauri uwape watoto wapange wenyewe eti watakula wanachopanga. Nilimpa mwanangu mdogo bakuli la hoho apange, akazirundika zote kona moja kama mtu anayepanga matofali, ikaiva, akala kona tatu zilizobaki. Kwa hiyo sijui hao watoto wa kwenye ushauri ni wa wapi.

Oveni si lazima jamani, kuna mtu aliniambia angependa lakini hana oveni. Wewe si unaoka mkate wa kumimina kwa makaa juu na chini, au mama yako si alikuwa anaoka? Ndo hivyohivyo. Sufuria nzito tupu na mfuniko wa bati, ipashe moto kwanza mpaka ukidondoshea unga kidogo unabadilika rangi. Pizza yako iko kwenye sahani ya bati iliyopakwa mafuta kiduchu, itumbukize, funika, palia makaa mengi juu na chini acha machache, kwa sababu chini huwa kunawahi kuungua. Utasikia kwanza kimya, halafu chizi inaanza kulialia, harufu ya thomu inatoka pembeni ya mfuniko, hapo ndo ufunue kwa koleo uangalie, pembeni ya mkate iwe imetuna ina madoa ya kahawia na katikati chizi inatoa mapovu madogo. Kama chini iko tayari na juu bado, toa makaa ya chini yote uache ya juu yamalizie. Inakuwa na harufu ya moto ambayo oveni ya umeme haikupi hata uifanyeje. Wateja wangu wengine wanataka ya makaa makusudi na bei naongeza, tusameheane.

Kuhusu kiasi, mtoto wa miaka mitano sita nusu ya hiyo ya sahani inamtosha kabisa, kwa hesabu zangu ni kama kalori 300 hivi, ni mlo wa kawaida tu kwa mtoto ambaye siku nzima anahitaji kama 1,200 hadi 1,400. Mkubwa wangu anamaliza nzima na anauliza ya nani ile, huyo namwongezea kachumbari sio kipande kingine.

Na kinywaji, hapa ndo tunajimaliza wenyewe. Umehangaika, umepunguza chumvi, umekamua mchicha mpaka mkono umekuwa kijani, halafu unafungua soda. Cola ya chupa ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na kitu, vijiko vya chai saba nane, na WHO wanasema sukari ya kuongeza isifike asilimia 10 ya kalori za siku, kwa mtoto wa kalori 1,300 hiyo ni gramu kama 32. Chupa moja imekula bajeti yote. Kwenye bethidei ninazopeleka pizza mtoto anakunywa mbili, kuna keki, kuna pipi, kuna juisi za paketi, halafu kesho yake mama ananipigia "dada pizza yako imemvuruga mwanangu tumbo". Pizza yangu! Mi nikisikia hivyo namuuliza tu alikunywa nini, kimya.

Wape maji. Au kata machungwa, tuna machungwa ya Muheza yanaanguka barabarani mpaka magari yanayakanyaga msimu ukifika, weka vipande vinne mezani, hilo ndo tunda lililokosekana na tena linasaidia yale madini chuma. Dafu nalo safi. Chai ya rangi iache, chai na chakula inazuia madini chuma yasichukuliwe vizuri, subiri hata lisaa limoja ndo wanywe.

Mara ngapi? Mi wangu ni wikiendi, si kila wikiendi, na si kwa sababu naiogopa, ni kwa sababu chizi ni hela na pia mtoto akila kitu kimoja kila siku hata kiwe kizuri vipi anakosa vingine. Wali wa nazi na kisamvu na samaki bado ndo chakula cha nyumba hii, bibi wa Pangani asiwe na wasiwasi. Siku pizza ikiwa chakula cha jioni basi ndo chakula cha jioni, haiji juu ya wali. Nimeona nyumba zinazotoa pizza saa kumi na moja kama kitafunwa halafu saa mbili ugali, hapo mtoto amekula milo miwili jioni moja tukibaki kushangaa tumbo.

Walio na wadogo kabisa, chini ya mwaka mmoja msiwape, chumvi ya kuongeza hawatakiwi, mpe nyanya iliyopikwa pembeni na samaki aliyechambuliwa anatosheka. Chini ya miaka mitano angalieni vitu vya duara, soseji kama lazima uiweke basi ikate kwa urefu mara nne, usikate yale mapete, yanaziba koo. Zeituni zenye kokwa usiweke kabisa. Na chizi ikitoka kwenye moto inashika, inavutika, kwa nje inaonekana imepoa ndani bado moto, mkatie vipande vyembamba umwachie ipoe kwanza hata kama analia.

Mwisho kuna mama aliniuliza kama inafaa kumwekea mtoto kwenye kontena la shule kesho yake. Inafaa, ila angalia. Chakula chenye nyama au samaki kisikae nje ya friji zaidi ya masaa mawili, na joto likipita nyuzi 32, yaani Tanga Januari mpaka Machi karibu kila mchana, lisaa limoja tu. Sasa mtoto anaondoka saa kumi na mbili asubuhi anakula saa nne, fanya hesabu. Ya shule mi natengeneza peke yake, nyanya, hoho, mchicha na chizi kidogo, jodari na kuku hawaendi shule. Usiku ikishapoa naiweka friji, asubuhi naipasha kwenye tawa kavu mpaka chini irudi kuwa ngumu, naiacha ipoe bila kufunika ndo naiingiza kwenye kontena, ukifunika ya moto inatoka jasho inalowa. Na mkubwa wangu ananiambia wenzake wanamnunulia kipande kwa mia mbili, kwa hiyo nyumba hii wauza pizza sasa tuko wawili na yeye hata mtaji hanirudishii.